Koma ya Opala

Mtoto wa dada yangu alifika Kisangani kutoka Opala na daftari la mistari, flashi moja na lalamiko moja: kompyuta haijui hesabu. Tuliketi barazani kwangu Makiso, baiskeli za toleka zikipita barabarani na abiria wao nyuma, nikamwambia anionyeshe. Alikuwa anajifunza Python peke yake, kwa kitabu alichopakua kwenye simu. Akaandika kiasi = 3,5, yaani kilo tatu na nusu za mchele, kisha akaiambia mashine izidishe mara mbili. Yeyote aliyemaliza shule ya msingi atasema saba. Kioo kikaandika hivi:

(3, 5, 3, 5)

Mashine haikulalamika. Hakuna mstari mwekundu, hakuna onyo. Kwa Python koma si alama ya desimali. Ukiandika 3,5 umeipa namba mbili zilizofungwa furushi moja, na ukilizidisha furushi mara mbili inakurudishia vitu vyake mara mbili. Imetii kila ilichoambiwa.

Nikamuuliza kabla ya Python alitumia lugha gani. Akasema hakuna, hii ndiyo ya kwanza. Sikukubali, nikamdodosa, na kweli ikatoka: mwaka mzima alikuwa akisaidia kwenye depo ya mpunga, akiandika uzito wa magunia kwenye Excel ya Kifaransa. Humo 3,5 ni tatu na nusu, na vitu viwili vikitakiwa kutenganishwa huwekewa nukta-mkato. Alikuwa ameandika =SOMME na =SI mamia ya mara, akiiwekea mashine masharti na hesabu. Hiyo ndiyo programu. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Excel, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni lugha.

Ubishi kuhusu lugha ya kwanza una umri mkubwa kuliko wengi wa wanaoubishania. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa fani hii, aliandika waraka mfupi wenye pilipili. Alidai kwamba mwanafunzi aliyeanzia BASIC ameharibika akili kiasi kwamba haiwezekani tena kumfundisha programu nzuri, na kwamba COBOL nayo hulemaza. Maneno makali, maana BASIC ilikuwa imebuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta.

Basi tumtazame mtoto mmoja wa Helsinki ambaye alipokuwa na miaka kama kumi na mmoja alikaa mbele ya Commodore VIC-20 ya babu yake akijifunza BASIC hiyohiyo. Jina lake Linus Torvalds. Mwaka 1991 alitoa Linux, na leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na ile ya mpwa wangu yenye kioo kilichopasuka. Kama huo ndio ulemavu, tungependa tupewe kidogo huku mkoani Tshopo.

Nadhani Dijkstra alijua anatia chumvi. Lakini chumvi haitiwi kwenye chungu kitupu. Kuna kitu lugha ya kwanza huacha, na mimi mwenyewe ninacho.

Mimi nilianza na Pascal, lugha aliyoitoa Mswisi Niklaus Wirth mwaka 1970 akikusudia hasa kufundishia. Naandika nilianza, lakini mashine niliiona baadaye sana. Katika chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, muhula mzima ulipita ubaoni. Mwalimu alichora mistari kwa chaki, sisi tukanakili, na mtihani ukawa karatasi. Siku tulipopelekwa kwenye chumba cha mashine tulikuwa watu watano kwa kompyuta moja, na umeme ukakatika kabla zamu yangu haijafika. Kwa hiyo programu yangu ya kwanza niliiendesha kichwani, nikiandika pembeni kwa penseli kila jina lina thamani gani baada ya kila mstari, nikifuta na kuandika upya.

Hapo ndipo nacheka ninapomkumbuka Dijkstra. Miaka ya 1950 huko Amsterdam aliandika programu za kompyuta iitwayo X1 ikiwa bado inaundwa, hana pa kuzijaribia. Ilimbidi awe na hakika kwa kufikiri tu. Mwanafunzi asiye na umeme na profesa wa Uholanzi wameshika penseli moja. Tofauti ni kwamba profesa alijua X1 itamalizika.

Sitaki kuusifu umaskini. Karatasi ilinifunza kusoma kila mstari kabla ya kuuamini, hilo nalishukuru. Pia ilinifunza kuiogopa mashine. Mtu aliyezoea kwamba kosa moja ni alama mbili chini na wino mwekundu, akiketi mbele ya kompyuta huchukua saa nzima kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha. Vijana waliojifunzia kwenye simu hubonyeza kwanza, huona kilichovunjika, hubonyeza tena. Tabia hizo mbili zinatokana na bei ya kosa siku zile mtu alipokuwa anaanza. Lugha haihusiki.

Kuna jambo jingine ambalo wanaobishana Ulaya hawalioni kwa sababu halipo mbele ya vidole vyao, nalo ni kibodi. Kwetu kibodi ni ya Kifaransa, ile inayoanza na A-Z-E-R-T-Y. Juu yake koma, nukta-mkato, nukta pacha na alama ya usawa hupatikana kwa kidole kimoja. Nukta ya kawaida inataka ushike kitufe cha herufi kubwa. Mabano ya mraba na yale yaliyopinda kama masharubu yanataka ushike kitufe cha AltGr na kutafuta kwa macho. Sasa fikiria: Pascal hufungua kazi kwa neno begin na kuifunga kwa end, na thamani huwekwa kwa := ambazo zote mbili zipo wazi chini ya vidole. Lugha ya C na watoto wake hutaka masharubu kila mahali. Nilipohamia C, kwa miezi nilikuwa naandika kazi ndefu ndefu bila kuigawa vipande, na nilidhani ni falsafa. Kumbe nilikuwa nakwepa AltGr.

Mtoto wa Opala anafika kwenye maneno hayo ya Kiingereza akiwa amepitia Kimbole cha nyumbani, Lingala na Kiswahili vya sokoni na mtoni, na Kifaransa cha darasani. Lugha ya kwanza ya kompyuta kwake ni ya tano. Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ina Kiswahili, na ni jambo la kupongezwa. Koma yake, hata hivyo, ataitoa palepale alipoitoa: kwa mwalimu wa hesabu aliyemfundisha kwa Kifaransa.

Kutoka Kisangani kwenda Opala kuna njia mbili. Ya nchi kavu huanzia Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na wenye pikipiki wanaijua kwa majina ya mashimo yake. Ya maji hushuka Mto Kongo hadi Isangi, unapoingia Lomami, kisha hupanda Lomami. Hiyo ya maji nakushauri uifuate walau mara moja, kwa sababu inapita kwenye hadithi yenyewe ninayoisimulia.

Chini kidogo ya Kisangani ni Yakusu. Hapo alifika mwaka 1938 mmisionari Mwingereza aitwaye John Carrington, akakuta Walokele wakizungumza kwa ngoma ya gogo kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka 1949 alichapisha kitabu akieleza namna inavyofanya kazi. Gogo lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, ambazo wenyeji wanazitofautisha kama ya kiume na ya kike. Irabu na konsonanti hazimo. Kinachosafiri ni kiimbo cha maneno peke yake. Na kiimbo katika Kilokele si pambo: alambaka boili likisemwa kwa kiimbo kimoja ni mtu aliyeutazama ukingo wa mto, na likisemwa kwa kiimbo kingine ni mtu aliyemchemsha mama mkwe wake.

Kwa kuwa maneno mengi yana kiimbo kimoja, mpiga ngoma hasemi neno likiwa peke yake. Mwezi na kuku hulingana kwenye gogo, kwa hiyo mwezi hutajwa pamoja na kuitazama kwake ardhi kutoka juu, na kuku pamoja na mlio wake. Carrington alikadiria kwamba neno moja la mdomoni huhitaji kama maneno manane kwenye ngoma. Mgeni husikia maneno yasiyo na kazi. Mpiga ngoma anajua kwamba kile kirefu ndicho kinachomwokoa mama mkwe. Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, Mmarekani Claude Shannon alikuwa ametoa nadharia yake ya mawasiliano na ndani yake jambo hilohilo limeandikwa kwa hesabu: ujumbe unaopita penye kelele lazima ubebe ziada ili uweze kurekebishika.

Rudi sasa kwenye 3,5. Katika Pascal nisingeweza kuandika kiasi hicho kabla sijatangaza juu kabisa kwamba kiasi ni namba yenye desimali. Tulilichukia tangazo hilo. Mkono ulichoka kulinakili. Na ukiandika kiasi := 3,5; mashine inagoma palepale penye koma, haisogei hatua. Python ni fupi na tamu, haidai matangazo, na kwa ufupi wake imeacha koma ya Opala ipite hadi mwisho. Sisi tuliokuzwa na lugha yenye maneno manane kwa moja bado tunatangaza mambo ambayo hakuna aliyetuuliza. Vijana wa ofisini kwangu wananitania kwamba programu zangu zina dibaji.

Shuka zaidi na mto, ufike Yangambi. Hapo Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 kituo kikuu cha utafiti wa kilimo cha Kongo, INEAC, ambacho leo ni INERA. Pamoja na miti na mazao walipima mvua, siku baada ya siku, kwenye madaftari. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 1,800. Na mvua, kwa sadfa ninayoipenda, ndiyo mtihani maarufu kuliko yote katika utafiti wa jinsi watu wanavyojifunza programu.

Aliyeusambaza miaka ya 1980 ni Elliot Soloway, wakati huo akiwa chuo kikuu cha Yale. Mwanafunzi anapewa kazi: pokea vipimo vya mvua kimoja kimoja mpaka ifike 99999, ambayo ni ishara ya kuacha, kisha toa wastani. Ni kazi ambayo karani wa Yangambi angeifanya huku anavuta sigara. Wanafunzi wengi walianguka. Wengine waliijumlisha 99999 kwenye mvua, wengine waligawanya kwa sifuri siku ambayo hakuna kipimo.

Mwaka 1983 Soloway na wenzake wawili walieleza sababu mojawapo, na ndiyo inayotuhusu. Mtu wa kawaida huifikiria kazi hii hivi: soma kipimo, kama ni ishara acha, kama si ishara jumlisha, rudia. Mzunguko wa while wa Pascal haukubali kuachia katikati. Unakulazimisha usome kipimo cha kwanza nje ya mzunguko, kisha ndani ujumlishe kwanza na kusoma kinachofuata mwishoni. Waliopewa Pascal iliyoongezewa mlango wa kutokea katikati walifanya vizuri zaidi. Lugha ilikuwa imemkatia mtu kazi tofauti na alivyoikata kichwani mwake.

Miongo mitatu baadaye, mwaka 2014, Kathi Fisler aliwapa mtihani wa mvua wanafunzi walioanzia lugha za aina nyingine, zile zinazochukua orodha nzima na kuichuja badala ya kutembea nayo hatua kwa hatua. Makosa yalipungua. Wengi wao waliigawa kazi vipande: kwanza kata orodha penye ishara, kisha tupa visivyofaa, kisha tafuta wastani. Wa mzunguko huyachanganya yote matatu kwenye chungu kimoja na kukoroga.

Sasa mtazame karani wa depo ya Opala. Vipimo vyake viko kwenye safu ya B. Anaandika =MOYENNE.SI(B2:B31;">=0") na amemaliza. Safu nzima ni kitu kimoja machoni pake. Hajawahi kuambiwa kwamba anafikiri kama wanafunzi wa Fisler.

Hili ndilo ninaloliona linadumu. Koma hutoka, nukta-mkato za Pascal hutoka, masharubu huzoeleka hata kwa AltGr. Ni lafudhi, kama Mlokele anavyoongea Kiswahili cha Kisangani, na miezi michache ya makosa huisugua. Ile picha ya kwanza ya namna kazi inavyokatwa ndiyo inayobaki mifupani. Aliyeanzia Pascal ukimpa orodha ya Python anaandika mzunguko wenye namba, anatembea nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiichungulia orodha kwa kila namba, ilhali Python ingempa vitu vyenyewe bila namba yoyote. Programu inafanya kazi. Unajua tu kwamba imeandikwa na mtu wa umri wangu.

Excel nayo ina madhambi yake, tusiipambe. Inaficha hesabu nyuma ya namba, hivyo kosa linakaa sebuleni likiwa limevaa suti. Mwaka 2010 wanauchumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, uliokuja kunukuliwa na mawaziri wa fedha. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, aliomba faili lao na kugundua, pamoja na mambo mengine, kwamba fomula ya wastani haikufika mwisho wa safu: nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Mpwa wangu nilipomsimulia aliuliza ni safu gani. Depo ilikuwa imemkata pesa kwa kosa la namna hiyo.

Opala yenyewe ilishatoa somo la orodha isiyofika mwisho. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakizunguka bonde la Lomami walimkuta hapo Opala, nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi, kima mdogo wa kike aliyefugwa, mwenye uso wa kama binadamu. Hakuwemo kwenye vitabu vyao. Aliye karibu naye zaidi ni yule kima mwenye uso wa bundi, naye si huyo. Mwaka 2012 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Wawindaji wa huko walikuwa wanamwita lesula siku zote.

Kijana alirudi kwao akiwa na kazi niliyompa: mkebe wa maziwa uwanjani mbali na mapaa, rula, na kipimo kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Mtandao ulipokubali akanitumia faili. Vipimo vilikuwa na nukta mahali pake, hata koma moja hakuna. Chini yake mistari mitatu: chuja, jumlisha, gawanya. Hakuna mzunguko. Nikaona inafaa nimwonyeshe namna ya watu wazima, yenye kutembea siku baada ya siku, kwa sababu kuna hesabu nyingine zitakazomtaka atembee. Nikaandika haraka, mkono ukijiendea wenyewe kama miaka ile: for i in range(1, len(mvua)). Ikaendeshwa bila lalamiko. Nikamtumia, nikaenda kula.

Pascal hukuruhusu kuhesabu kuanzia moja. Python huanza na sifuri.

Jibu lilikuja usiku, jenereta ya jirani yao ilipowashwa. Mjomba, aliandika, mvua ya tarehe mosi imekwenda wapi?